Nani Aitwe Darasani?
Tajiri wa Babeli na mafundisho yetu juu ya umaskini

Kuna kitabu kidogo kilichoingia katika makanisa yetu bila kupita mbele ya kamati yoyote ya mafundisho. Utakikuta katika simu za vijana wa kwaya, katika nakala zilizotolewa fotokopi mpaka herufi zikafifia, na zaidi katika kinywa cha mtoa mada kwenye semina za ujasiriamali zinazofanyika ukumbini Jumamosi mchana. Kinaitwa The Richest Man in Babylon, yaani mtu tajiri kuliko wote katika Babeli, na aliyekiandika ni Mmarekani, George S. Clason. Wengi wanaoishi kwa mafundisho yake hawajui hata jina lake. Wanachojua ni kwamba kila mapato yanapoingia, uweke pembeni sehemu ya kumi iwe yako kabla hujamlipa mtu mwingine yeyote. Watoa mada wetu hulipenda fundisho hili kwa sababu linakaa vizuri kando ya fungu la kumi: moja ya kumi kwa Mungu, moja ya kumi kwako, na zinazobaki ndizo za kuishi.

Kitabu kinachofundishwa chini ya paa la kanisa kinastahili kusomwa kama tunavyosoma mahubiri, kwa kuuliza kinasema nini, kinanyamaza wapi, na kinamwambia nani. Ndivyo ninavyotaka kukisoma hapa.

Clason alikuwa mchapishaji wa ramani mjini Denver. Hadithi zake za Babeli zilianza kutoka mwaka 1926 kama vijitabu, na benki na makampuni ya bima yakavigawa kwa wateja. Silitaji hili ili kumchafua. Kijitabu cha kuhimiza akiba kina faida kwa benki na kwa mteja pia. Lakini msomaji akumbuke kwamba mwenye benki hawezi kutazamiwa agawe kijitabu kinachouliza maswali juu ya riba yake mwenyewe.

Nianze na mema yake, maana ni mengi. Arkad, tajiri wa kitabu, hakuzaliwa na mali. Alikuwa mwandishi wa kunakili vibao vya udongo, akafundishwa siri ya akiba na mkopeshaji mzee, akadunduliza, kisha akaipoteza akiba yake ya kwanza kwa kumkabidhi mfyatua matofali akamnunulie vito vya thamani. Kila mwanakikundi wa VICOBA anamjua mtu wa namna hiyo, aliyempa fundi fedha za kununua mahindi, au akamwachia shemeji mtaji wa duka. Kuna sura nzima inayoonyesha kwamba bahati haipatikani katika michezo ya kamari. Siku hizi kijana hupokea ujira wa kubeba zege Ijumaa na kufikia Jumapili usiku ameumaliza kwenye mikeka ya mpira, kwa hiyo sura hiyo ningeifurahia hata ikisomwa madhabahuni.

Kisha yupo Dabasir, mfanyabiashara wa ngamia, ambaye kwa maoni yangu ndiye moyo wa kitabu. Alikopa kuliko uwezo wake, akakimbia wadai, akaangukia utumwani Siria. Huko mwanamke mmoja akamuuliza kama roho iliyo ndani yake ni ya mtumwa au ya mtu huru, na swali hilo likamrudisha Babeli. Akawafuata wadai wake mmoja mmoja, akawatazama usoni, akawalipa polepole: sehemu ya kumi akiba, sehemu saba matumizi ya nyumba, sehemu mbili madeni. Mtu aliyewahi kubadilisha njia ya kwenda sokoni ili asikutane na mdai wake anajua kwamba Dabasir alifanya jambo kubwa.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kumfundisha maskini wajibu wake ni kumtukana. Kumwambia mtu kwamba hana la kufanya juu ya maisha yake, hilo ndilo tusi. Kitabu cha Mithali kinamtuma mvivu kwa chungu (Mit. 6:6), na chungu hakuwa tajiri. Ugomvi wangu na Clason uko mahali pengine.

Uko mwanzoni mwa sura ile inayotumiwa zaidi katika semina zetu, ya tiba saba za mfuko mtupu. Watoa mada huruka kurasa zake za kwanza kwenda moja kwa moja kwenye tiba, nami naona ni bahati mbaya, kwa sababu kurasa hizo zinasema wazi kuliko sura nyingine yoyote. Mfalme Sargon amerudi kutoka vitani na kukuta watu wake wana shida. Waziri wake mkuu anamweleza hali ilivyo: mfalme alikuwa akijenga mifereji mikubwa na mahekalu, watu wakapata kazi, sasa ujenzi umekwisha, vibarua hawana kazi, wafanyabiashara hawana wateja, wakulima hawapati wa kununua mazao. Mfalme anauliza dhahabu yote iliyotumika imekwenda wapi. Waziri anajibu kwamba imeishia mikononi mwa matajiri wachache. Kwa nini wachache? Hapo waziri anasema ni kwa sababu wao wanajua namna ya kuipata, na kwamba si haki kumlaumu mtu kwa kujua, wala kumnyang'anya alichopata kihalali ili apewe asiye na uwezo huo.

Tazama kilichotokea. Maneno ya kwanza ya waziri yalikuwa kwamba watu hawana kazi. Baada ya mistari michache watu haohao wamekuwa hawana maarifa. Hakuna aliyeonyesha jinsi jambo la kwanza lilivyogeuka kuwa la pili. Mfereji umekwisha kuchimbwa, mchimbaji amerudishwa nyumbani, na tiba anayoandikiwa ni somo la kuweka akiba. Mfalme anaridhika, anamwita Arkad, na watu mia moja wanakusanywa kufundishwa. Hakuna tajiri hata mmoja anayeitwa kuulizwa dhahabu ile ilimfikiaje.

Mwandishi mwingine angeandika hadithi ya akiba bila kuligusa kabisa swali la tofauti kati ya walio nacho na wasio nacho. Clason amelileta mwenyewe, amelitia kinywani mwa mfalme kwa maneno mazuri, kisha akalifunga kwa sentensi mbili. Kitabu kilichobaki kimejengwa juu ya kufuli hilo.

Na kuna watu ambao hawakuitwa hata darasani. Katika sura ya kwanza kabisa, fundi wa magari ya farasi na mpiga kinubi wameketi wakilalamikia umaskini wao, na mbele yao unapita msururu wa watumwa wanaobeba maji kutoka mtoni kwenda kwenye bustani za mfalme. Wako wa rangi zote, na Clason hakusahau kuweka watu weusi wenye kucheka kutoka kusini. Wale marafiki wawili wanawahurumia, wanakiri kwamba ni wanaume wazuri kama wao, wanasema kwamba hata wao walio huru hawajawazidi sana. Halafu msururu unapita. Bustani zinaendelea kumwagiliwa katika kitabu chote, na hakuna anayeuliza ni nani anayezimwagilia. Mtumwa anarudi katika hadithi pale tu anapokuwa njiani kuacha utumwa kwa juhudi yake mwenyewe, kama Dabasir.

Biblia nayo ina orodha yake ya mali za Babeli. Ufunuo 18:12-13 inataja dhahabu na fedha na vito, nguo za kitani na za rangi ya zambarau, pembe za ndovu, mdalasini, divai, unga, ng'ombe na farasi, na mwisho kabisa miili na roho za wanadamu. Sisi wa pwani hii hatuhitaji mfafanuzi wa aya hiyo. Pembe za ndovu na watu vilishuka pamoja kutoka bara mpaka Bagamoyo, mara nyingi yule wa pili akiwa amembeba yule wa kwanza begani. Nilitegemea kwamba kanisa ambalo lina historia hiyo uani kwake lingesita kidogo kabla ya kwenda Babeli kujifunza utajiri.

Yaliyoipata nchi ya Clason yanafundisha pia. Miaka mitatu tu baada ya vijitabu kuanza kutoka, mwaka 1929, soko la hisa la New York lilianguka. Kati ya 1930 na 1933 maelfu ya benki za Marekani zilifungwa, na kufikia 1933 karibu mtu mmoja kati ya kila wanne katika nguvukazi hakuwa na kazi. Wengi waliopoteza akiba zao walikuwa wametimiza kila neno la Arkad; walidunduliza, wakaziweka fedha mahali palipoonekana salama, wakashauriana na wenye ujuzi. Haiwezekani kwamba robo ya wafanyakazi wa taifa zima waligeuka wavivu ndani ya miaka minne. Kilichokuja kumlinda mweka akiba mdogo kilikuwa sheria ya mwaka 1933 iliyoanzisha bima ya amana, na sheria hiyo iliwabana wenye benki. Wenye akiba walikuwa wametimiza sehemu yao tangu mwanzo.

Hata Babeli yenyewe, ile ya kweli, ilijua jambo ambalo Babeli ya Clason hailijui. Jiwe la sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli wa karne ya 18 kabla ya Kristo, linasomeka mpaka leo. Linasema kwamba mdaiwa ambaye shamba lake limefunikwa na mafuriko, au nafaka yake imekosa maji, mwaka huo halipi nafaka kwa mdai wake wala riba. Linasema kwamba mke au mtoto aliyetolewa kutumika kwa ajili ya deni atumike miaka mitatu, na wa nne aachwe huru. Linaweka hata ujira wa kibarua kwa siku. Na Ammisaduqa, mfalme wa ukoo huohuo katika karne iliyofuata, alitoa amri ya kufuta baadhi ya madeni nchini mwake. Hawa hawakuwa watakatifu. Sheria zao zilimthamini bwana kuliko mtumwa, na adhabu zao zinatisha. Lakini hata wapagani hao waliona kwamba deni lina watu wawili na kwamba mkopeshaji naye ana wajibu. Sijui kama Clason aliruka jambo hili kwa kutojua au kwa sababu halikufaa kwenye kijitabu cha benki.

Jiwe hilo lilichimbuliwa mwaka 1901 huko Shushani, ambako Waelami walikuwa wamelipeleka kama nyara. Msomaji wa Biblia atalitambua jina la mji huo. Ndimo Nehemia alimokuwa mnyweshaji wa mfalme (Neh. 1:1, 11), kabla hajaenda Yerusalemu kwa watu ambao baba zao walirudi kutoka Babeli. Na huko Yerusalemu alikutana na swali lilelile la mfalme Sargon.

Nehemia sura ya 5 inafaa isomwe polepole. Watu na wake zao wanalia juu ya ndugu zao Wayahudi. Wengine wana watoto wengi na hawana nafaka. Wengine wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate chakula wakati wa njaa. Wengine wamekopa ili walipe kodi ya mfalme. Binti zao wamekwisha kutiwa utumwani, nao hawana la kufanya kwa kuwa mashamba yako mikononi mwa watu wengine. Na hawa si wavivu. Sura ya 3 imekwisha kutuonyesha watu wakijenga ukuta, wengine mbele ya nyumba zao wenyewe. Sura ya 4 inawaonyesha wakijenga kwa mkono mmoja na kushika silaha kwa mwingine. Kama kuna watu katika Agano la Kale walioshika wajibu wao binafsi, ni hao. Walifanya kazi mchana, wakalinda usiku, na bado walizama katika madeni.

Nehemia anakasirika sana. Anashauriana na moyo wake. Halafu anaita mkutano mkubwa, na anaowakemea ni wakuu na mashehe, yaani wakopeshaji. Haulizi wakopaji walitumiaje nafaka waliyokopa, ingawa bila shaka miongoni mwao alikuwamo mmoja au wawili waliotumia vibaya. Katika kundi la watu hawakosekani. Anawaambia wakopeshaji kwamba hata yeye na ndugu zake wamekopesha fedha na nafaka, na waiache riba hiyo wote pamoja. Warudishe mashamba, mizabibu, mizeituni na nyumba leo hii, na ile sehemu ya mia waliyokuwa wakitoza. Wanakubali, naye hatosheki na kukubali kwao; anawaita makuhani, anawaapisha.

Basi tunao viongozi wawili wenye shida moja. Sargon wa Clason aliona dhahabu iko kwa wachache akawaita wengi wafundishwe. Nehemia aliona mashamba yako kwa wachache akawaita wachache. Na kwa wanaopenda Babeli yenyewe, yuko Danieli, ambaye naye alikuwa mshauri wa mfalme mjini humo. Yeye hakumwambia Nebukadreza kwamba si haki kuwalaumu waliofanikiwa. Alimshauri aache dhambi zake na kuwahurumia maskini (Dan. 4:27). Ni mstari mmoja tu, lakini ni jibu zima kwa waziri wa Sargon.

Sasa turudi ukumbini kwetu, Jumamosi mchana. Nani wameketi kwenye viti vya plastiki? Mama ntilie, bodaboda, wauza mbogamboga, mabinti wa kazi waliopewa ruhusa ya saa mbili, vijana wanaongoja ajira. Wanafundishwa kuweka sehemu ya kumi, na ni vizuri. Lakini tuifanye hesabu. Amri ya Mishahara ya mwaka 2013 hapa Tanzania iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri kuwa shilingi 40,000 kwa mwezi, na ile iliyoanza kutumika Januari 2023 ikaweka 60,000. Sehemu ya kumi ya 60,000 ni 6,000. Binti akiziweka mwaka mzima bila kuugua, bila kutuma nyumbani kwa mama yake zaidi ya alivyopanga, ana 72,000. Hiyo ni hesabu ya binti aliyelipwa kama amri hiyo ilivyosema, na kila mwezi. Yupo anayeambiwa kwamba fedha zake zimetunzwa na atapewa zote siku ya kuondoka. Kumbukumbu la Torati 24:14-15 linataka mfanyakazi maskini alipwe siku ileile kabla jua halijatua, kwa sababu moyo wake uko kwenye ujira huo. Nimeshahudhuria semina nyingi za akiba na sijawahi kusikia aya hiyo ikitajwa. Nadhani sababu ni nyepesi: mwajiri wake hayumo ukumbini. Yumo kwenye kamati ya fedha.

Au mchukue mama aliyekopa mikopo tunayoiita kausha damu. Tuseme amepewa 100,000 arudishe 130,000 baada ya mwezi, na kiwanja au friji ni dhamana. Sehemu ya mia ya wakati wa Nehemia inaonekana kama msamaha. Ni kweli, mama huyo angeweza kukaa bila kukopa. Pengine alikopa kwa ajili ya sare za harusi, na hilo tumkemee. Pengine alikopa kwa ajili ya operesheni ya mtoto. Tunajua kumfundisha yeye tofauti ya deni jema na deni baya. Lakini mkopeshaji naye ana jina. Mara nyingine ni mwenzetu, anatoa bahasha nono siku ya mavuno, jina lake linasomwa, tunampigia makofi. Hakuna somo lililoandaliwa kwa ajili yake.

Jambo hilihili linaonekana kwenye mnada baada ya ibada, mambo madogo ambayo naona yanasema zaidi kuliko makubwa. Kuku aliyetolewa sadaka hununuliwa kwa 50,000 watu wakishangilia. Jumatatu mnunuzi yuleyule yuko sokoni akimbana muuza mchicha apunguze mia mbili, na muuza mchicha ni msharika mwenzake. Sioni ubaya wa kuku wa 50,000. Ninachouliza ni kwa nini ukarimu wetu unahitaji kipaza sauti.

Najua hoja inayokuja. Mwalimu wa semina atasimama na mfano wa talanta (Mt. 25:14-30) na kusema kwamba Bwana mwenyewe alimlaumu mtumwa asiyezalisha. Hoja hii inastahili jibu, maana ni Maandiko. Talanta moja ilikuwa kiasi cha dinari 6,000, na dinari moja ndiyo ujira wa kibarua wa siku nzima katika mfano wa shamba la mizabibu (Mt. 20:2). Hivyo hata yule wa mwisho, tuliyezoea kumwona kama maskini wa mfano huu, alikabidhiwa ujira wa karibu miaka 20. Mfano wa talanta unawahusu watu waliopewa mtaji. Ukitaka kuuhubiri kwa haki, wahubirie wenye mashamba, wenye vyeo na wenye nyumba za kupangisha, uwaulize wamezifanyia nini mali za Bwana wao. Kumhubiria kibarua anayeanza siku bila senti ni kumdai hesabu ya fedha ambazo hakukabidhiwa.

Kibarua ana mfano wake, na ni huo wa sura ya 20. Sisi tunaousoma kwa Kiswahili tuna neema ya pekee, kwa kuwa saa zake ni saa zetu: saa tatu, saa sita, saa tisa, na saa kumi na moja jua linapokaribia kuzama. Mwenye shamba anatoka mara tano kwa siku moja, mwenyewe. Saa kumi na moja anawakuta watu wamesimama na kuwauliza mbona wamekaa bure siku nzima. Ni swali ambalo sisi nasi huwauliza vijana wa kijiweni, na kwa kawaida tunalo jibu mfukoni. Wao wanajibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Na mwenye shamba anawaamini. Hawaambii wangeamka mapema. Anawapa kazi, na jioni anawalipa kinachotosha kula.

Watu wa saa kumi na moja walikuwa na wajibu wao, nao waliutimiza: walikuwapo sokoni mpaka jioni. Wangekaa nyumbani, mwenye shamba asingewakuta. Katika mfano huo wajibu wa mtu binafsi umebaki mzima, ila umegawanywa kulingana na uwezo. Asiye na kitu ametakiwa awepo na awe tayari. Mwenye shamba ametakiwa atoke, aulize, asikilize jibu, aajiri, alipe. Katika kitabu cha Clason, na katika semina zetu nyingi, mgao umekaa kinyume chake: aliye na kidogo ndiye anayebebeshwa wajibu wote.

Sipendekezi semina za akiba zifutwe. Ziendelee, na hadithi ya Dabasir isimuliwe. Napendekeza nyingine iongezwe, Jumamosi nyingine, kwa watu wengine: wenye wafanyakazi majumbani, wenye pikipiki zinazoendeshwa na vijana kwa hesabu ya kila siku, wenye vyumba vya kupanga wanaodai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wanaokopesha. Somo liwe Nehemia 5 na Yakobo 5:4. Maswali yawe ya kawaida kabisa. Unamlipa nani, kiasi gani, tarehe ngapi? Pikipiki ikiharibika, hesabu ya siku hiyo inadaiwa au inasamehewa? Aliyekopa kwako akifiwa, unamfanyia nini? Mchungaji aongoze, na kama ana binti wa kazi nyumbani kwake, aanze yeye kujibu, kama Nehemia alivyojitaja kabla ya kuwataja wengine.

Semina hiyo haihitaji mgeni wa kulipiwa nauli. Kuhusu orodha ya waalikwa, mhasibu wa usharika anayo tayari. Ni lile daftari la ahadi, akianza kusoma kutoka kwenye majina ya juu.